Paul Bomani: Mizani kwanza, hisa baadaye

MWENYE duka la pembejeo mjini Mugumu hurudi kutoka mnadani akiwa na daftari lililojaa majina na namba za simu za wakulima aliokutana nao siku hiyo. Kiongozi wa chama cha msingi cha kahawa wilayani Tarime naye hutoka kwenye mkutano wa kijiji akiwa na orodha ya watu waliosema watajiunga. Wote wawili hubaki na swali moja: waanze lini kuwaomba watu hao fedha?

Wakianza kesho yake, wengi watahisi kwamba urafiki wa jana ulikuwa mtego. Wakikaa kimya mwaka mzima, watu watakuwa wamekwisha kuwasahau na kununua kwingine.

Swali hilo lilijibiwa kwa vitendo zaidi ya miaka 70 iliyopita na mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Mara, Paul Lazaro Bomani. Ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa katika chama kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Hakuanza kwa kuuza hisa. Alianza na mizani.

Mtoto wa mhubiri

Bomani alizaliwa Januari 1, 1925 Ikizu, katika Wilaya ya Musoma ya wakati huo. Eneo hilo leo limo Wilaya ya Bunda, jirani na Serengeti. Familia yake ilikuwa ya Kisukuma na baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato.

Alipokuwa kijana alifanya kazi katika mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, kati ya mwaka 1944 na 1945. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza.

Chama hicho kilikuwa cha wenye maduka madogo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha lakini bidhaa zilikuwa adimu, na Mwafrika mwenye duka alikuwa wa mwisho kuzipata kutoka kwa wauzaji wa jumla. Kununua kwa pamoja kulikuwa na nafuu, lakini wanachama walikuwa wachache na mtaji wao ulikuwa mdogo.

Aidha, duka la kijijini humtegemea mkulima. Msimu wa pamba ukiwa mbaya, chumvi, sukari na kanga hubaki rafuni. Ili mwenye duka apate nafuu, ilibidi kwanza mkulima apate haki yake.

Upunjaji ulikuwa kwenye uzito

Wakati huo pamba ilinunuliwa katika vituo maalumu na kupelekwa kwenye vinu vya kuchambulia, ambavyo vingi vilimilikiwa na wafanyabiashara wa Kiasia. Bei ilipangwa na serikali kabla ya msimu, kwa hiyo mnunuzi asiye mwaminifu hakuweza kuipunguza hadharani. Njia iliyobaki ya kujiongezea faida ilikuwa mizani.

Mkulima aliyepeleka ratili 100 zikasomwa 90 alipoteza sehemu moja ya kumi ya jasho lake bila bei kuguswa. Wengi hawakujua kusoma mizani. Waliojua hawakuwa na namna ya kubisha, kwa sababu mizani ilikuwa ya mnunuzi na msomaji wake alikuwa mtu wa mnunuzi.

Malalamiko hayo hayakuanzishwa na Bomani, aliyakuta. Alichofanya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni kuzunguka vijijini, kuwasikiliza wakulima na kuwaeleza faida ya kuungana. Kisha likafanyika jambo ambalo kila mtu angeweza kuliona kwa macho: wapimaji waliosimama upande wa wakulima waliwekwa kwenye vituo vya ununuzi ili kuhakiki uzito wa pamba kabla haijalipwa.

Nguvu ya hatua hiyo ilikuwa katika urahisi wake. Mkulima hakuhitaji kumwamini Bomani, wala kuelewa sheria ya ushirika. Alihitaji kuona namba ya mpimaji wake na namba ya mnunuzi, kisha ahesabu fedha mkononi. Manufaa aliyapata siku ile ile, kabla hajaombwa kukabidhi pamba yake kwa chama chochote.

Wakati wa kuomba

Hata hivyo, Bomani na wenzake hawakuendelea kupima tu mwaka hata mwaka. Mizani ingeweza kuzuia wizi, lakini isingempa mkulima sehemu ya faida ya ununuzi wala ya kinu. Mwaka 1952 ulianzishwa umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa. Kuanzia mwaka 1953, vyama vya msingi vilivyosajiliwa kwa sheria ya ushirika vikaanza kununua pamba ya wanachama wake.

Hapo ndipo mkulima alipoombwa jambo zito. Alitakiwa awe mwanachama mwenye hisa na akabidhi mavuno yake kwa chama kilichokuwa hakijawahi kununua hata gunia moja. Kama ombi hilo lingetolewa miaka mitatu kabla, na mtu kutoka mjini ambaye kijiji hakikumjua, ni wachache wangelisikiliza. Lilitolewa wakati kumbukumbu ya mizani ilikuwa bado mpya.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba hawakungoja wakulima wote waridhike. Msimu wa kwanza vyama vilikuwa vichache na vilinunua sehemu ndogo tu ya pamba. Waliokuwa tayari walianza, na wengine wakawatazama majirani zao. Kila msimu vyama viliongezeka hadi vikapita 300, na ilipofika mwaka 1959 karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa inapita kwenye ushirika.

Bomani mwenyewe alikwenda Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunda shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja mkuu wake. Mwaka uliofuata shirikisho lilikuwa na kinu chake cha kuchambulia pamba Kasamwa, Geita.

Kinu kilikuwa mzigo mkubwa kuliko yote ambao wakulima walikuwa wameombwa kuubeba, na kilikuja mwisho. Kabla yake ilikuja mizani, kisha chama cha msingi, kisha shirikisho.

Katika miaka hiyo hiyo Bomani alikuwa pia mwanasiasa wa TANU, wakati chama hicho kilikuwa kimezuiwa kufanya kazi Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Ushirika uliendelea na shughuli ya pamba, na wakulima hawakupoteza walichokuwa wamekijenga.

Haraka baada ya uhuru

Mwaka 1960 Bomani aliingia serikalini akiwa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza nchini kushika wizara hiyo. Mafanikio ya pamba yaliifanya serikali itake ushirika uenee nchi nzima kwa muda mfupi. Ndani ya miaka mitano hivi tangu uhuru, idadi ya vyama ilikaribia kuongezeka maradufu.

Safari hii mambo yalikwenda kinyume. Katika sehemu nyingi chama kilifika kabla ya huduma. Wakulima waliambiwa wajiunge na wauze kupitia chama kwa sababu sheria ilisema hivyo, na makato yakaanza kabla hawajaona faida yoyote. Bomani, aliyejenga ushirika kwa kufuata hatua, alikuwa mmoja wa mawaziri wa serikali iliyoziruka hatua hizo.

Mwaka 1966 kamati maalumu ya serikali ilichunguza malalamiko ya wizi, upunjaji na ajira za upendeleo katika vyama. Miongoni mwa kasoro kubwa ilizozitaja ni wanachama kutoelewa chama chao, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na siasa kuingilia kazi. Vyama vilikuwa vimeandikisha watu bila kuwaelimisha.

Shirikisho alilolijenga Bomani nalo halikunusurika. Mwaka 1968 nafasi yake ilichukuliwa na Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani ya wakulima haikurudi kwa sheria.

Bomani alikuwa balozi nchini Marekani kati ya 1972 na 1983, akarudi kuwa waziri, na baadaye akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia Aprili 1, 2005 akiwa na umri wa miaka 80.

Somo kwa Tarime na Serengeti

Kwa mfanyabiashara mwenye daftari la majina mapya, maisha ya Bomani yanaonyesha kwamba muda wa kusubiri hauhesabiwi kwa siku. Unahesabiwa kwa jambo ambalo mteja amekwisha kulithibitisha mwenyewe.

Muuza mbegu wa Mugumu anaweza kuotesha punje 100 za mahindi katika kitambaa kibichi mbele ya wakulima, na siku chache baadaye wakazihesabu pamoja zilizoota. Anayefanya hivyo mapema, kabla ya mvua, ana haki ya kutaja bei msimu huo huo. Akingoja mvua ipite, atakuwa amewafundisha wateja wa mwenzake.

Chama cha kahawa nacho kinaweza kumwachia mkulima ambaye bado si mwanachama apime gunia lake kwenye mizani iliyohakikiwa, bila malipo, na amwone jirani yake akilipwa kwa uzito ule ule. Anayerudi mara ya pili, au anayemleta mwenzake, ndiye wa kuombwa kwanza, na aanze na kiasi kidogo. Ambaye hajarudi aachwe aendelee kutazama.

Baada ya kuanza kupokea fedha, mizani isiondolewe. Ushirika wa pamba uliwapata wakulima kwa kuwaonyesha uzito wa kweli, na ulianza kuwapoteza pale ambapo hawakuweza tena kuuhakiki.