Kimathi na dini ya utoto wake

Jumapili asubuhi Kibera na Kawangware huamshwa na vipaza sauti. Makanisa ya mabati yamebanana vichochoroni, na wazee hupita na Biblia kwapani wakikwepa mitaro. Huko Makina, upande wa Wanubi, nyimbo hizo hukutana na adhana, na sijasikia mtu akilalamika. Kwenye matatu ziingiazo mitaa hiyo huchorwa uso wa mtu mwenye nywele za misokoto. Vijana wanamjua kwa jina na kwa bunduki yake. Habari za usiku wake wa mwisho hawazijui sana, na wapo wanaokasirika wakielezwa.

Dedan Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920, Tetu, Nyeri. Alisoma Karunaini, kisha Tumutumu kwa wamisheni wa Kanisa la Scotland. Alikuwa kijana wa kalamu: alipenda mijadala, aliandika Kiingereza kizuri, na Biblia aliisoma akaielewa. Karo ilimshinda. Jeshi alilionja wakati wa vita vya pili vya dunia lakini hakudumu nalo. Baadaye akawa mwalimu, akawa karani, kazi moja baada ya nyingine. Siasa ndiyo iliyomshika. Kufikia 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji tunaouita Nyahururu leo.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, aliingia msitu wa Nyandarua. Watu hudhani alipoingia huko aliiacha dini mlangoni. Serikali ya mkoloni ilipenda tuamini hivyo, kwamba Mau Mau ni kiapo na giza tupu. Ni kweli Wakikuyu Wakristo waliokataa kiapo waliuawa, na hilo halifai kufichwa kwa sababu ya kupenda mashujaa. Lakini Karari Njama, mwalimu aliyekuwa karani wake msituni, ameandika habari za mtu aliyeomba sana, akiuelekea Mlima Kenya kwa Ngai wa wazee wake na huku maneno ya Biblia yakimtoka kinywani. Aliweka madaftari, aliandika barua, alitaka kila kitu kiwe na kumbukumbu. Hayo ni mafunzo ya shule ya misheni hata kama bendera imebadilika.

Vita hivyo si habari ya bara pekee, na hapa sisi watu wa pwani huwa tunajisahau. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi, wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Walichujwa katika kambi ya Langata, jirani kabisa na Kibera, kisha wakapakiwa kuletwa huku kwetu, Mackinnon Road na Manyani. Wengine walifikishwa hadi kisiwa cha Manda, Lamu. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola kwenye Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Miongoni mwa hao waliokuwa kambini walikuwamo waliobatizwa.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu, baada ya kupigwa risasi ya mguuni. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kuwa na bastola na risasi. Mwezi Novemba akahukumiwa kunyongwa. Alikuwa na miaka 36. Huo ndio uzee aliojaliwa.

Gerezani alitembelewa na mapadri wa Kikatoliki, na ndiko alikoingia kanisa lao. Kwa hiyo hakurudi kwenye benchi lile lile la Waskoti. Alirudia imani ya jina lile lile kwa mlango mwingine. Mimi Mwislamu sina la kuamua kati ya milango hiyo. Nililoliona katika barua yake ya mwisho, aliyoiandika kwa penseli usiku wa manane kuamkia tarehe 18 Februari 1957, ni namna alivyoongea na Mungu na watu kama mtoto aongeavyo nyumbani. Alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Nyeri kwamba yu katika shughuli na furaha ya kujiandaa kwa safari ya mbinguni. Alivitaja vitabu alivyoletewa kimoja kimoja, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari. Akalalamika kidogo kwamba siku ya Krismasi ni padri mmoja tu aliyemkumbuka. Kamanda aliyewahangaisha Waingereza miaka minne, anasononeka kwa kutotembelewa sikukuu!

Kisha zikaja haja zake. Mwanawe atiwe shule, hilo alilirudia. Mama yake mzee aliwazwe. Mkewe Mukami, aliyekuwa kizuizini papo hapo Kamiti, akitoka awekwe karibu na masista wa Mathari asiwe mpweke. Neno la shamba wala la kisasi sikuliona.

Wapo wanaosema barua hiyo ni kazi ya wakoloni, kwamba shujaa hawezi kufa na rozari. Sioni kwa nini. Mtu aliyeghushi ili kumdhalilisha asingepoteza wino kuomba karo. Na sisi tunaoomba khatima njema kila baada ya sala tunajua mtu huulizwa alivyomaliza. Kupigania ardhi yake hakukumtoa katika dini, na dini haikumfanya aombe radhi kwa kupigania ardhi yake.

Alinyongwa alfajiri hiyo Kamiti, akazikwa humo humo bila alama. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili, Rais Kibaki alizindua sanamu yake katika mtaa unaobeba jina lake mjini Nairobi. Familia haikutaka shaba, ilitaka mifupa. Mukami aliomba mwili wa mumewe kwa serikali moja baada ya nyingine. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini kwa maombi ya kanisa, na pembeni yake hapakuwa na kaburi la Kimathi.