Escherich, daktari wa watoto aliyefichua kiini cha maradhi ya mkojo

JINA la Dkt Theodor Escherich huandikwa kila siku katika maabara za hospitali ulimwenguni, japo zaidi ya karne moja imepita tangu aage dunia. Ndilo lililozaa jina la Escherichia coli, maarufu kama E. coli, bakteria wanaosababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Escherich alizaliwa Novemba 29, 1857 mjini Ansbach, Ujerumani. Mamake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Alisomea udaktari akafuzu mnamo 1881, na miaka mitatu baadaye akasafiri hadi Naples, Italia, kuchunguza kipindupindu.

Enzi hizo watoto wachanga walikufa kwa wingi kutokana na kuhara. Akiwa Munich, Escherich aliamua kuchunguza kinyesi chao kwa hadubini. Mnamo 1885 alieleza kuhusu kiini chenye umbo la kijiti, alichokikuta hata matumboni mwa watoto wenye afya njema.

Kiini hicho huishi utumboni bila kumdhuru mtu. Hata hivyo, kikipenya katika njia ya mkojo huleta maumivu, na kikipanda juu huweza kuharibu figo. Mnamo 1894, akiwa profesa mjini Graz, Austria, alieleza jinsi kilivyosababisha ugonjwa wa kibofu miongoni mwa wasichana. Wanawake huathiriwa zaidi kwani mrija wao wa mkojo ni mfupi, na uko karibu na njia ya haja kubwa.

Mnamo 1902 alihamia Vienna kusimamia hospitali ya watoto ya St Anna. Mwaka uliofuata aliasisi chama cha kuwalinda watoto wachanga, kilichohimiza akina mama kunyonyesha. Lakini tabibu huyo aliyepigania uhai wa wana wa wenzake alimpoteza mwanawe wa miaka 10 kwa ugonjwa wa kidole-tumbo.

Escherich alifariki Februari 15, 1911, akiwa na umri wa miaka 53. Mnamo 1919 Aldo Castellani, aliyewahi kuchunguza malale nchini Uganda, pamoja na Albert Chalmers, walikipa kiini hicho jina la mwendazake.

Alifariki miaka 17 kabla ya penisilini kugunduliwa. Kizazi cha leo kina dawa za kuua bakteria, ila kinazitumia ovyo. Zinaponunuliwa bila mgonjwa kupimwa, au kumezwa kutibu mafua ambayo haziwezi kuyaponya, viini dhaifu hufa na vilivyo sugu husalia. Hivyo huzaana, na hata kupitishiana usugu huo. Ndiyo maana ampisilini na kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, sasa hushindwa mara nyingi kutibu maradhi ya mkojo.

Dawa zilizosalia nazo zikiishiwa makali, mgonjwa atarudi palepale walipokuwa wagonjwa wa Escherich: kiini kinajulikana, tiba haipo.