Frantz Fanon: Tabibu wa Walioteswa na Waliotesa

Tarehe 24 Machi, 2021, mji wa Palma, ulio kwenye pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulivamiwa na magaidi. Maelfu ya wananchi walikimbia, wengine kwa vyombo vya bahari kwenda Pemba, wengine kwa miguu wakipita mwituni kuelekea Mto Ruvuma. Nyumba iliyochomwa hujengwa upya. Lakini mtoto aliyemwona baba yake akiuawa, na askari aliyeokota maiti za raia, wamebeba jeraha lisilofungwa kwa bendeji. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuwakumbusha wapiganaji na polisi wetu maisha ya Daktari Frantz Fanon, aliyelichunguza jeraha hilo katika vita vya Algeria. Nchi hiyo si ngeni kwa historia ya Cabo Delgado, kwani mwaka 1963 wapiganaji wa mwanzo wa FRELIMO, Samora Machel akiwa miongoni mwao, walipata huko mafunzo ya kijeshi.

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai, 1925, mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilichotawaliwa na Ufaransa. Kabla ya kuwa tabibu alikuwa askari. Akiwa kijana alijiunga na majeshi ya Ufaransa Huru, akapigana dhidi ya Wajerumani, akajeruhiwa mwaka 1944 na kutunukiwa nishani ya ushujaa. Baada ya vita alisomea udaktari mjini Lyon, akahitimu mwaka 1951, kisha akajifunza kazi katika hospitali ya Saint-Alban chini ya Daktari François Tosquelles, mkimbizi kutoka Hispania. Hapo alifundishwa kwamba mgonjwa wa akili hatibiwi kwa dawa peke yake, bali pia kwa kazi, mazungumzo na maisha ya pamoja.

Mnamo Novemba 1953 alipelekwa katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha mikutano, sherehe na gazeti la hospitali, na wagonjwa wakapata nafuu. Alipofanya hayo hayo katika wodi ya wanaume Waislamu, hayakufaulu hata kidogo. Fanon hakuwalaumu wagonjwa. Alitambua kwamba aliwaletea desturi zisizo zao, tena kwa kinywa cha mkalimani. Ndipo akafungua mkahawa wa kienyeji, akaadhimisha sikukuu za Kiislamu, akawaalika wasimulizi wa hadithi. Wodi ikaanza kuchangamka. Yeyote atakayekwenda kuwatibu watu wa Palma, wanaozungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, hana budi kuanzia hapo.

Tarehe 1 Novemba, 1954, vita vya ukombozi vya Algeria vilianza. Fanon akajikuta akiwatibu walioteswa na waliotesa. Mgonjwa wake mmoja alikuwa polisi wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 28, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahoji mahabusu kwa mateso. Usiku alisikia mayowe ndani ya nyumba yake, akafunga madirisha wakati wa joto kali na kuziba masikio kwa pamba. Siku moja, akimngojea daktari, alitembea katika uwanja wa hospitali. Fanon alimkuta ameegemea mti, anatetemeka na kutoka jasho. Alikuwa amekutana na Mwalgeria mmoja aliyelazwa pale, ambaye yeye mwenyewe alishiriki kumtesa. Mwalgeria huyo naye alitafutwa, akakutwa msalani akijaribu kujiua, kwa kuwa aliamini polisi yule amekuja kumrudisha mateka. Wauguzi walitumia muda mrefu kumtuliza.

Mgonjwa mwingine, mkaguzi wa polisi, alikuwa akiwapiga watoto wake, hata mchanga wa miezi 20, na usiku mmoja alimfunga mkewe kwenye kiti akampiga. Alijua vema kwamba maradhi hayo yametoka katika chumba cha mahojiano. Lakini hakutaka kuiacha kazi hiyo. Alichomwomba daktari ni msaada wa kuendelea kutesa pasipo kusutwa na dhamiri. Hapo ndipo tiba ya Fanon ilipofika ukingoni, kwani hakuna dawa ya kumponya mtu na kitendo anachokusudia kukirudia kesho yake.

Mwishoni mwa mwaka 1956 Fanon alijiuzulu, akieleza kwamba haiwezekani kumtuliza Mwalgeria aliyefanywa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Januari 1957 alifukuzwa nchini. Akahamia Tunis, akaendelea kutibu huku akiitumikia FLN, na mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria mjini Accra. Alifariki kwa saratani ya damu huko Marekani tarehe 6 Desemba, 1961, akiwa na umri wa miaka 36. Kitabu chake cha mwisho, ambacho Waswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kilitoka mwaka huo huo. Alizikwa katika ardhi ya Algeria, miezi michache kabla ya uhuru wa Julai 1962.

Fanon aliunga mkono matumizi ya silaha katika ukombozi, wala hakuficha gharama yake. Aliandika habari za mpigania uhuru wa nchi moja ya Afrika aliyetega bomu kwa amri, likaua watu kumi. Nchi ikapata uhuru, naye hakujutia lengo la mapambano. Hata hivyo kila mwaka, tarehe ile ilipokaribia, usingizi ulimtoka na fikra za kujiua zikamwandama.

Tunawaomba makamanda wayazingatie hayo. Mpiganaji aliyerudi kutoka mapambanoni akawa halali, anashtuka ovyo au anawapiga wanawe, si mwoga wala mkorofi. Apelekwe kwa tabibu mapema, kabla hajajidhuru au kuidhuru jamaa yake. Na polisi aliyekabidhiwa mahabusu akumbuke yule kijana wa Blida aliyelala na pamba masikioni: mahabusu aliachwa kituoni, mayowe yakamfuata nyumbani.