Nellie Kershaw: Maisha yaliyokatizwa na vumbi la asbesto

KABLA ya kuvunja paa kuukuu la asbesto, mkazi wa Meru au Embu na amkumbuke Nellie Kershaw wa Rochdale, Uingereza.

Nellie aliingia kiwandani akiwa na umri wa miaka 12, na kwa miaka mingi akasokota nyuzi za asbesto hadi vumbi likamharibu mapafu. Waajiri walikataa kumfidia. Alifariki mwaka wa 1924, akiwa na miaka 33, akazikwa katika kaburi lisilo na jina.

Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake na kuitangaza sababu ya kifo. Mnamo 1931, Uingereza ikaweka kanuni za kudhibiti vumbi hilo viwandani.

Kenya nayo iliiorodhesha asbesto kuwa taka hatari mwaka wa 2006. Paa lake likikatwa ovyo, vumbi lililomuua Nellie huruka tena.