Mtunzi wa Kisiwa chenye Hazina

Wako watu wazima wengi katika Afrika Mashariki ambao, wakitajiwa baharia mwenye mguu mmoja na kasuku begani, hukumbuka mara moja darasa walilokuwamo walipomsoma kwanza. Hadithi hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili na Bwana Frederick Johnson, ikatolewa mwaka wa 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kitabu kilijulikana sana. Mtu aliyekitunga hakujulikana sana. Nasi twapenda kuwapa wasomaji wetu habari zake, kwa kuwa mtu huyu aliishi maisha yake yote kwa hadithi alizozisikia kitandani akiwa mtoto.

Robert Louis Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba, 1850, katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, Thomas Stevenson, alikuwa injinia wa minara ya taa za baharini, na kazi hiyo ilikuwa kama urithi wa ukoo. Babu yake ndiye aliyejenga mnara wa Bell Rock juu ya mwamba unaofunikwa na maji kila bahari inapojaa, na baba zake wakubwa nao walijenga minara yao. Basi mtoto alipozaliwa, kila mtu nyumbani alijua atakuwa nani.

Lakini mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kifua kilimsumbua tangu udogoni, na wakati wa baridi alikaa kitandani majuma mengi, akikohoa usiku kucha. Mama yake naye hakuwa na afya, kwa hiyo mtoto alilelewa na yaya aliyeitwa Alison Cunningham. Yaya huyu alikuwa mcha Mungu sana. Alimsomea Biblia, akamhadithia habari za Waskoti wa zamani waliouawa kwa ajili ya dini yao, na habari za moto wa Jehanamu pia. Hadithi hizi zilimpendeza mtoto, tena zilimtia hofu hata akaogopa kulala. Hapo yaya alikuwa akimwinua, akamchukua mpaka dirishani, akamwonyesha madirisha ya nyumba za mbali yenye taa, wakawaza pamoja kwamba labda huko nako wamo watoto wagonjwa wanaongoja kupambazuke.

Baba naye alikuwa na dawa yake. Mtoto akilia usiku, yule injinia mkali alikuja akasimama mlangoni, akajifanya anazungumza na madereva wa magari ya farasi au na wenye nyumba za wageni, akijiuliza na kujijibu mwenyewe, mpaka mtoto akapata usingizi. Maana Bwana Thomas alikuwa na siri moja: maisha yake yote, kila usiku kabla ya kulala, alijitungia hadithi kichwani mwake za merikebu, wanyang'anyi, mabaharia wazee na nyumba za wageni kando ya njia. Hakuandika hata moja.

Kulikuwa na gazeti moja la kampuni ya Cassell ambalo yaya alimsomea mtoto. Kila hadithi ilipoanza kunoga, yaya aliona huenda kusoma mambo hayo ni dhambi, akaacha kulinunua. Hata hivyo, Jumamosi ilipofika, yaya na mtoto walisimama mbele ya dirisha la duka la karatasi, wakazitazama picha za gazeti kupitia kioo, wapate kukisia mambo yaliyowapata watu wa hadithi yao. Hapo hakuna aliyejua kwamba kampuni hiyo hiyo ndiyo itakayokuja kutoa kitabu cha mtoto huyo.

Alipokuwa na umri wa miaka sita, baba yake mkubwa mmoja aliahidi zawadi kwa mtoto atakayetunga vizuri habari za Nabii Musa. Louis hakuweza bado kuandika vema, basi alisema yeye, mama yake akaandika. Akapewa kitabu cha Biblia chenye picha. Tangu siku hiyo alitaka kuwa mwandishi, wala hakubadili nia.

Ugomvi ulikuja baadaye. Mwaka wa 1867 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh ajifunze uinjinia. Hakuwa mjinga wa kazi hiyo. Mwaka wa 1871 alisoma mbele ya chama cha wataalamu makala juu ya namna mpya ya taa ya mnara, akapewa nishani ya fedha. Lakini mwezi uliofuata alimwambia baba yake wakiwa matembezini kwamba hataki kujenga minara, ataka kuandika. Lilikuwa pigo kubwa kwa mzee. Wakapatana asome sheria, apate kazi ya kushika mkononi. Akaifuzu mwaka wa 1875, lakini hakupenda kwenda mahakamani. Baya zaidi lilikuwa jambo la dini: mwaka wa 1873 kijana alikiri kwamba hakuamini tena kama wazazi wake walivyoamini, na nyumba yote ikawa kama yenye msiba. Kisha mwaka wa 1879 akavuka bahari kwenda California, bila kuwaaga wazazi, kumfuata mwanamke wa Kimarekani, Fanny Osbourne, ambaye alikuwa na watoto na alikuwa bado hajaachana na mumewe. Alifika huko akiwa hoi kwa maradhi na ufukara, karibu afe. Mzee Thomas alikasirika, lakini aliposikia hali ya mwanawe alimpelekea fedha. Louis na Fanny walifunga ndoa mwezi wa Mei, 1880, wakarudi Uskoti pamoja na mtoto wa kiume wa Fanny, Lloyd.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Agosti, 1881, jamaa hao walikuwa wamepanga nyumba ndogo huko Braemar, katika milima ya Uskoti. Mvua ilinyesha siku baada ya siku. Lloyd, aliyekuwa na miaka 13 na yuko likizoni, alikuwa akichora picha kwa rangi. Stevenson, ambaye hakuweza kutoka nje kwa sababu ya kifua, akaketi naye, akachora ramani ya kisiwa. Akatia bandari, vilima na alama za hazina, akaandika jina juu yake. Alipoitazama ramani hiyo, aliona kama watu wanatokea katikati ya miti yake, wamebeba panga. Akachukua karatasi nyingine akaandika orodha ya sura. Ndivyo hadithi ilivyoanza.

Tufahamu hali yake wakati huo. Alikuwa karibu kutimiza miaka 31, ana mke na mtoto wa kulea, hana afya, wala hakuwa amepata kujilisha kwa kalamu yake hata mwaka mmoja. Kitabu chake kimoja baba yake alikuwa amelipa fedha kisitolewe, maana kilionekana hakifai. Mtu wa namna hiyo angeweza kuambiwa kwamba kukaa na mtoto na kuchora kisiwa ni kupoteza wakati.

Kila siku aliandika sura moja, na baada ya chakula aliwasomea watu wa nyumbani. Lloyd alitaka pasiwe na wanawake katika hadithi, na karibu apate alivyotaka. Yupo mama yake Jim tu. Lakini aliyesikiliza kwa moto kuliko wote hakuwa Lloyd. Alikuwa Mzee Thomas, mwenye miaka 63. Alizitambua hadithi zake za kila usiku: merikebu, baharia mzee, nyumba ya wageni. Ilipofika sanduku la Billy Bones lifunguliwe, mzee alikaa muda mrefu akaandika nyuma ya bahasha kuukuu orodha ya vitu vilivyomo, na mwanawe akaifuata. Merikebu ya Kapteni Flint iliitwa Walrus kwa kuwa mzee ndivyo alivyotaka. Kwa maoni yetu, hakuna hotuba wala barua ambayo ingewapatanisha wawili hao kuliko bahasha ile.

Yule baharia wa mguu mmoja, John Silver, alitokana kwa sehemu na rafiki wa mtunzi, W. E. Henley, mshairi mwenye nguvu na kicheko kikubwa, aliyekatwa mguu kwa maradhi ya mifupa.

Siku 15 ziliandikwa sura 15, kisha kalamu ikakauka kabisa. Gazeti la watoto la Young Folks lilikuwa limekwisha kuikubali hadithi, na mwisho haupo. Stevenson akaenda Davos, katika milima ya Uswisi, kutibiwa kifua, na huko maneno yakarudi, sura moja kwa siku, mpaka akamaliza. Wasomaji wa gazeti hawakuishangilia sana. Cassell walipoinunua kwa pauni 100, wakaitoa kama kitabu mwaka wa 1883, wakubwa kwa wadogo waliigombania. Ramani ya kwanza ilipotea njiani ikipelekwa kwa wachapishaji, ikabidi ichorwe nyingine kwa kufuata maneno ya kitabu. Ilichorwa katika ofisi ya Mzee Thomas, mahali pa michoro ya minara, na mzee mwenyewe akaghushi sahihi ya Kapteni Flint.

Yaliyofuata tutayataja upesi. Mwaka wa 1885 alitoa kitabu cha mashairi ya utoto, akamtunukia yaya wake. Mwaka wa 1886 alitoa Kidnapped na habari za Daktari Jekyll. Baba yake alifariki mwaka wa 1887, na mwaka uleule Louis akaondoka Uingereza asirudi tena. Alitafuta hewa ya kufaa kifua chake, akaipata katika kisiwa cha Upolu, Samoa, akajenga nyumba mahali paitwapo Vailima. Wasamoa walimwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Hadithi yake ya jini la chupa ilitolewa kwa Kisamoa mwaka wa 1891 katika gazeti la misheni, na wageni waliofika nyumbani kwake, wakiona ukubwa wa nyumba, walimwuliza chupa yenyewe ameiweka wapi.

Alikufa ghafula tarehe 3 Desemba, 1894, kwa kupasuka mshipa wa kichwani, akiwa na miaka 44. Usiku ule Wasamoa walifyeka njia katika msitu, na siku ya pili wakamchukua mabegani mpaka kilele cha mlima Vaea, wakamzika huko, bahari ikionekana.

Alison Cunningham, yaya wake, aliishi mpaka mwaka wa 1913, akafa akiwa na zaidi ya miaka 90. Katika uzee wake watu walimwendea nyumbani kumtazama na kumwuliza habari za yule mtoto mgonjwa, naye akawasimulia.