Gann: Mtoto wa mkulima wa pamba aliyeuza siri ya bei

MFANYABIASHARA wa Manundu, Korogwe, anayenunua mahindi na kuyaweka ghalani hajui bei ya miezi mitatu ijayo. Ndiyo maana wanaodai kuwa na siri ya kutabiri bei, iwe ya mazao au ya hisa, hawakosi wateja.

Aliyevuma sana kwa kazi hiyo ni Mmarekani William Delbert Gann.

Alizaliwa Juni 6, 1878 karibu na mji wa Lufkin, jimbo la Texas, katika familia ya wakulima wa pamba. Mwaka 1903 alihamia New York kufuata biashara ya masoko.

Jina lake lilipaa mwaka 1909, baada ya jarida moja la huko kuandika kuwa katika siku 25 za soko za mwezi Oktoba alifanya biashara 286, na 264 kati ya hizo zilimpa faida.

Gann alifungua kampuni yake, akaandika vitabu na kuuza masomo kwa bei ghali. Alichora mistari ya pembe kwenye chati za bei, akapanga namba katika miraba na kuchanganya humo mwendo wa sayari na Biblia.

Tatizo ni kwamba mistari ilikuwa mingi mno. Bei ipande au ishuke, haukosi mmoja ulioigusa, lakini hujulikana ni upi baada ya soko kufungwa.

Mwaka 1932 Gann alinunua ndege ya kumzungusha kukagua hali ya mazao mashambani. Mtabiri huyo naye alihitaji kuliona shamba kwa macho.

Alifariki Juni 1955. Mwandishi wa vitabu vya masoko, Dk. Alexander Elder, alieleza mwaka 1993 kuwa mtoto wa Gann alimwambia baba yake hakuweza kulisha familia kwa biashara ya soko, bali kwa kuuza masomo. Mali aliyoacha, pamoja na nyumba, ilizidi kidogo tu dola 100,000.

Korogwe inajua kinachoendesha bei. Vita ya Korea ilipoanza mwaka 1950, nchi kubwa zilijaza maghala na bei ya mkonge ikapaa. Katikati ya miaka ya 1960 iliporomoka, na kamba za plastiki zikazidi kuubana mkonge sokoni. Sayari hazikuhusika.

Anayetaka hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, asome kwanza hesabu za kampuni: faida, madeni na gawio. Mwenye mahindi aulizie mvua, akiba iliyopo maghalani na hali ya barabara.

Na anayeuziwa siri ya bei aulize jambo moja kabla ya kutoa fedha: mwalimu huyo anaishi kwa faida ya soko, au kwa ada za wanafunzi wake?