Yohana Mdomo wa Dhahabu

Antiokia ya Siria, mji ambao wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza, ndiko alikozaliwa Yohana katika karne ya nne. Baba yake alikufa yeye angali mchanga, akalelewa na mama yake Anthusa, mjane wa miaka 20 tu. Ufasaha alifundishwa na Libanius, mpagani aliyesifiwa sana; lakini moyo wake ulielekea Maandiko, na mwaka 386 akawekewa mikono awe kasisi.

Mwaka uliofuata balaa iliupata mji. Kaisari Theodosius alitoza kodi mpya. Watu wakaghadhibika, wakaziangusha sanamu zake na za jamaa yake, wakaziburuta njiani. Kosa hilo lilihesabiwa kuwa uasi. Wengine wakauawa, wengi wakakimbia, na waliobaki wakajifungia nyumbani wakingoja mji uangamizwe. Askofu Flavian, naye ni mzee sana, akashika njia kwenda Konstantinopoli kuomba rehema. Yohana akabaki na kundi.

Siku saba alinyamaza, kama rafiki za Ayubu. Kisha akapanda mimbarani. Hakuanza kwa kukemea. Aliufananisha mji na mzinga wa nyuki. Zamani watu walivuma sokoni kama nyuki, na sasa hofu imewatimua kama moshi. Tena akaufananisha na bustani iliyokosa maji, miti yake imepukutika majani. Mfano wa namna hiyo hauhitaji elimu: mchuuzi asiyejua hata herufi moja aliweza kuiona hofu yake mwenyewe, akalia. Nasi tulio wahubiri twapenda mno kuufanya mfano kuwa pambo la hotuba. Kwake ulikuwa mlango wa kuingilia. Maana walipokwisha kulainika, ndipo alipowaonya juu ya matukano na viapo vya ovyo, Kwaresima nzima. Walipompigia makofi kanisani aliwakataza, kwa kuwa alitaka toba. Pasaka ilipofika, Flavian alikuwa amerudi na msamaha wa Kaisari.

Mwaka 398 akafanywa Askofu wa Konstantinopoli. Huko mifano yake ilimponza. Mwaka 403 adui zake walimshitaki kwamba amemfananisha Eudoxia, mke wa Kaisari Arcadius, na Yezebeli. Akafukuzwa, akarudishwa upesi. Kisha sanamu ya fedha ya Eudoxia ikasimamishwa karibu na kanisa, kwa ngoma na kelele; Yohana akanena juu yake waziwazi, na imesimuliwa kuwa safari hii alimtaja Herodia. Mwaka 404 akapelekwa uhamishoni Cucusus, katika milima ya Armenia. Hata huko barua zake ziliwatia watu nguvu, hivyo ikaamriwa apelekwe mbali zaidi. Alipokuwa akiendeshwa kwa miguu, mgonjwa, alikufa Comana tarehe 14 Septemba, 407.

Mwaka 438 Theodosius wa Pili, mwana wa Eudoxia, aliipokea mifupa yake Konstantinopoli, akainama juu ya jeneza, akaomba msamaha kwa ajili ya wazazi wake.